Pete Kwenye Msumari

"Nani ameligusa gari langu?"

Daktari wa meno hakusalimia mtu. Aliingia kwenye uwanja wa kuoshea magari na koti lake jeupe la kazini, akakanyaga madimbwi ya povu bila kujali viatu, akasimama mbele ya gari lake jeusi na kuinyooshea boneti kidole.

"Nimeuliza, nani?"

"Mimi," alisema Kioo. "Nililiosha na kulipaka nta Jumamosi."

Jina la Kioo alipewa na wateja, kwa kuwa gari likitoka mikononi mwake unaweza kujitazama mlangoni ukachana nywele. Miaka sita alikuwa pale, na masharti yake yalijulikana. Mkanda wa chuma, saa, bangili, pete, vyote vinavuliwa kabla ya kugusa rangi ya gari la mtu. Hata pete yake mwenyewe ya uchumba ilikuwa inaning'inia kwenye msumari juu ya bomba, mahali pake pa kila siku.

"Kama ni wewe, njoo uone kazi yako."

Kioo akasogea, akainama. Boneti aliyoiacha inateleza kwa nta ilikuwa imejaa mikwaruzo ya mviringo, mmoja juu ya mwingine, na katikati rangi imefifia ikawa kijivu.

"Daktari, hii si kazi yangu. Mimi nafuta kwa mistari iliyonyooka, mbele kwenda nyuma. Sijawahi kuzungusha kitambaa maishani mwangu."

"Kwa hiyo gari limejikuna lenyewe?"

Wateja waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Kioo hakuwajali, maana shahidi wake alikuwa palepale. Nyuma ya Daktari alisimama dereva wake, kijana mrefu mwenye shati lililonyooshwa vizuri, ambaye baada ya wiki tatu alikuwa awe mume wa Kioo.

"Muulize dereva wako," alisema Kioo. "Jumamosi alikuja kulichukua mwenyewe. Alilizunguka mara mbili, akasema limekuwa kama limetoka kiwandani."

Daktari akageuka. "Ehe?"

Dereva alitazama matairi.

"Mimi nililiona harakaharaka tu, Daktari. Kwa kuwa ulikuwa safarini, nililipeleka kwako nikalifunika turubai. Leo asubuhi nafunua, nakuta hivi." Akalinyoosha shati lake. "Labda kitambaa chake kilikuwa na mchanga."

Kitambaa kilikuwa na mchanga! Jamani, yatoke kwa mtu mwingine yeyote, lakini si kwa huyu. Huyu aliyekaa juu ya ndoo jioni ngapi akimtazama Kioo akifua vile vitambaa kimoja kimoja. Huyu aliyekuwa akimtania kwamba anavipenda kuliko yeye, kwa sababu kimoja kikianguka chini kinatupwa, hakirudi kwenye gari la mtu hata kwa dawa. Mchanga!

Kioo alimtazama usoni, akisubiri acheke aseme anatania. Hakucheka.

Mwenye kituo, ambaye wote walimwita Bosi, alitoka ofisini na kikombe cha chai mkononi.

"Daktari, tuwie radhi sana. Litatengenezwa leo hii. Kioo! Mpaka saa kumi jioni boneti hiyo iwe sawa. La sivyo, beba ndoo zako uende."

"Bosi, hata hujanisikiliza!"

"Nimesikia. Mchumba wako mwenyewe kasema. Nimwamini nani tena?"

Wakaondoka, Daktari mbele, Dereva nyuma yake, hata jicho hakulirudisha. Kioo alibaki na gari.

Angeweza kuwasha mashine. Mikwaruzo ile haikuwa imefika kwenye bati, na kwa saa tatu za polishi angeifuta yote, akapaka nta upya, mtu asijue kitu. Mkono wake ulikwisha kuufikia waya wa umeme. Hapo ndipo akili ilipomjia. Akiifuta mikwaruzo, amefuta na ushahidi. Gari litakuwa safi, na jina lake litabaki chafu.

Akaiweka mashine chini, akaanza kulisoma gari.

Paa lilikuwa zima kabisa. Milango mizima. Boneti yenyewe ilikwaruzwa kuanzia mbele hadi katikati tu, na kule karibu na kioo cha mbele nta ilikuwa bado ipo. Aliyesugua alikuwa mfupi, mkono haukufika. Dereva angefika mpaka paa bila kunyanyua kisigino. Kisha kwenye mfereji wa chini ya wipa Kioo akaona kitu kinametameta, akakichomoa kwa kucha. Kilikuwa kipande kilichojisokota cha waya wa kusugulia masufuria.

Mtu mfupi. Waya wa jikoni. Kusugua kwa kuzungusha, kwa nguvu zote, katikati kuliko pembeni. Kioo alimjua mtu mmoja tu anayesugua hivyo, na masufuria yake yalikuwa sifa ya mtaa mzima.

Simu ikalia ujumbe.

*Mpenzi usininunie. Nilibanwa.*

Kioo akaandika: *Jumapili gari lilikuwa wapi?*

*Kwa Daktari, chini ya turubai. Mimi nililala kutwa, si nilikuambia? Lisugue tu haraka mikwaruzo itoke, yaishe. Wewe ukikubali kosa, bosi wako atanuna wiki moja. Mimi nikikubali nafukuzwa kazi, na harusi ndiyo hii imefika.*

*Wewe ukikubali nini? Si kitambaa changu ndicho kilikuwa na mchanga?*

Ujumbe ulionekana umesomwa. Jibu halikuja.

Hasira zikampanda Kioo. Kumbe Dereva hakuponyokwa na ulimi. Alikaa akapima, huku kazi yake, huku mchumba wake, akaona mchumba ndiye wa kutupwa.

Haikupita nusu saa simu ikaita. Mama mkwe mtarajiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, ila sikukupigia kwa salamu. Nimesikia umeharibu gari la Daktari."

"Nani kakuambia, mama?"

"Mwanangu, nani tena? Ananiambia mwenzangu kanitia aibu kazini. Binti, mimi tangu mwanzo nilisema, mwanamke anayeshinda na ndoo na mipira ya maji kutwa ana nini? Nikanyamazishwa. Sasa nakuja hapo hapo kazini kwako, na kadi za harusi nakuja nazo. Sijazigawa, na sizigawi!"

"Njoo, mama," alisema Kioo taratibu. "Ila njoo saa kumi."

Saa kumi ilipofika, gari lilikuwa palepale, na mikwaruzo yake. Bosi alipoliona alishika kichwa.

"Hukuligusa?"

"Sikuligusa."

"Wewe mwanamke una wazimu? Daktari huyo anaingia!"

Daktari aliingia kweli, na Dereva nyuma yake. Kabla hata hajafungua mdomo, mama mtu naye akatokea getini, mfupi, mnene, bangili zinagongana mikononi, mfuko wa kadi kwapani.

Dereva alipomwona mama yake alibadilika rangi. "Mama, umefuata nini huku? Rudi nyumbani, tutaongea jioni."

"Sirudi! Sikuja kupiga kelele," alisema mama huyo, kwa kelele. "Nimekuja kusema neno moja tu. Mwanangu haoi mtu anayeharibu mali za watu. Gari lile lilikuwa linang'aa! Mimi mwenyewe nililipanda Jumapili, watu wote kwa dada yangu wakasimama kulitazama!"

Daktari akamgeukia taratibu. "Ulilipanda lini, mama?"

"Jumapili. Mwanangu alinipeleka kwenye sherehe ya dada yangu. Kwani vipi?"

"Jumapili gari lilikuwa limefunikwa turubai nyumbani kwangu."

"Turubai gani? Lililala uani kwangu. Asubuhi naamka, ndege wameichafua boneti yote. Ningefika vipi kwa dada yangu na uchafu ule? Mwanangu yuko bafuni, mimi nikalisugua mwenyewe."

"Mama, nyamaza," alisema Dereva.

"Ninyamaze nimeiba? Nimesafisha!"

Kioo akasogea. Sauti yake ilikuwa ya upole, maana kwa mama huyu hasira ilikuwa imekwisha kumtoka.

"Ulitumia nini, mama?"

"Nitumie nini zaidi? Sabuni ya unga na waya wangu wa masufuria. Na uchafu wote ulitoka, muulize!"

Pale kwenye benchi mteja mmoja aliachia "Lahaula!" Kioo alichukua ndoo ya maji safi, akamwaga kidogo juu ya paa. Maji yakajikusanya matone ya duara, yakateleza chini. Akamwaga kwenye boneti. Maji yakatandazika, yakatuama palepale.

"Juu nta yangu ipo, ndiyo inayoyafukuza maji," alisema. "Hapa imesuguliwa ikaisha. Na huu nimeuchomoa chini ya wipa." Akafungua kiganja. Mama mtu akainama, akautazama ule waya, akautambua.

"Ni mimi?" Sauti ilimtoka ndogo. "Mimi ndiye niliyeharibu?"

"Hukujua, mama. Paa limepona kwa sababu mkono wako haukufika."

Mama akamgeukia mwanawe. "Na wewe ulijua?"

"Mama, nilitaka kukulinda."

"Kunilinda na nini? Mimi nina Daktari gani wa kunifukuza kazi? Ulijilinda wewe! Umeniacha nimemtukana mtoto wa watu kwenye simu, kwa kosa langu mwenyewe!"

Daktari alinyoosha mkono. "Funguo."

Dereva akazitoa.

"Binti," alisema Daktari, "niwie radhi."

"Asubuhi ulinisema mbele ya hawa, Daktari."

Daktari akazitia funguo mfukoni. Kisha, mzee mzima na koti lake, akageukia benchi. "Jamani, asubuhi nilimshutumu huyu bila kumsikiliza. Kazi yake ilikuwa nzuri. Nilikosea." Bosi naye akakohoa, akasema neno lililosikika kama "hata mimi."

Dereva alimsogelea Kioo, akamshika kiwiko. "Njoo pembeni tuongee."

"Pembeni?" Kioo akauchomoa mkono. "Asubuhi ulinipaka matope katikati ya uwanja, sauti yako ikafika mpaka barabarani. Sasa msamaha ndio unataka uwe wa pembeni?"

"Punguza sauti basi, watu wanatazama."

"Na watazame! Ungeniambia ukweli ningeisugua boneti hiyo usiku na mchana, na Daktari nikampigia magoti mimi ili usifukuzwe. Hukuniambia. Ulinitazama machoni ukasema kitambaa changu kina mchanga."

"Nisamehe," alinong'ona.

"Sijasikia."

Dereva alitazama benchi. Alimtazama Daktari, akamtazama Bosi. Midomo ilifunguka, ikafungika. Daktari wa watu aliweza. Yeye hakuweza.

Kioo akasubiri kidogo zaidi, maana alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma. Kisha akaenda kwenye bomba, akaitoa pete kwenye msumari, akaifuta maji kwa kitambaa.

"Kila asubuhi naivua hii nisije nikakwaruza gari la mtu," alisema. "Kila jioni naivaa. Hata leo niliivua nikijua nitaivaa jioni."

"Na sasa?"

"Sasa jioni imefika."

Akaidumbukiza kwenye mfuko wa shati la Dereva. Dereva alisimama kama anasubiri mtu amwite. Hakuna aliyemwita. Akapita katikati ya madimbwi, akatoka getini kwa miguu.

Kioo alijipangusa macho kwa mgongo wa mkono, akawasha mashine. Sasa alikuwa na sababu ya kuifuta ile mikwaruzo. Alipogeuka kuchukua polishi alimkuta mama wa watu bado yupo, ameweka mfuko wa kadi juu ya benchi, anavua bangili moja moja na kuzitundika kwenye msumari. Hakuna aliyemwambia azivue.

"Nionyeshe, mwanangu," alisema. "Nisije nikaharibu tena cha mtu."

"Si hilo la Daktari, mama! Anzia lile la Bosi, pale karibu na ofisi."

Bosi akafungua mdomo kupinga, akakumbuka asubuhi, akaufunga.

Kioo akampa kitambaa safi, akaushika ule mkono mnene uliozoea masufuria, akauongoza juu ya mlango. "Moja kwa moja, mama. Usizungushe."

Mama alifuta mstari mmoja, wa pili, kisha akatazama getini alikotokomea mwanawe.

"Hata yeye ningemfundisha hivi mapema," alisema, akaendelea kufuta.