Usingizi Alioula Mkaguzi

Foleni ya malori kwenye mizani ilikuwa imefika barabara kuu, honi zikigombana, mkaguzi alipokifungua kitabu cha safari cha dereva mmoja mwenye shati la bluu lililopigwa pasi kama la bwana harusi. Dereva alikuwa amemaliza saa zote za kuendesha zinazoruhusiwa na sheria.

"Kaegeshe pale. Huondoki mpaka ulale saa nane nzima."

"Nisipopata usingizi, afande, utanibembeleza?"

Alimwambia asilete masihara. Lakini dereva alipoomba namba ya simu ya ofisi, akajikuta anampa yake.

Mapenzi yao yakakulia kwenye sheria ile ile. Kila mara dereva alipoegesha apumzike, mkaguzi alipiga simu. Kitabuni yaliandikwa mapumziko, na kweli lori lilikuwa limesimama. Dereva ndiye hakuwa amelala. Alipopiga miayo, mkaguzi alimwomba dakika tano tu, na hizo tano zikazaa nyingine. Madereva wengine aliwanyang'anya funguo wasipolala. Huyu wake alimkeshesha mwenyewe.

Alhamisi moja alasiri, lori liliacha barabara likabomoa ukuta wa ghala. Hakufa mtu, dereva alivunjika mkono. Kitabu kilionyesha alikuwa amepumzika muda wote unaotakiwa, basi tajiri wake, mwenye lori, akasema mtu aliyelala hivyo hasinzii jua likiwaka. Amelewa huyo, leseni ifutwe. Dereva hakujitetea.

Mkaguzi alipiga simu mara kumi na tisa, haikupokelewa. Dada yake, aliyekuwa akiishi naye, alimwambia wanaume ndio hivyo, wakichoka huzima simu.

"Hajanichoka, ananichukia," mkaguzi akasema, chakula kikipoa mbele yake. "Usingizi wake nimeula mimi, dada. Kijiko kwa kijiko."

Asubuhi akaandika barua mbili, moja kwa tajiri, nyingine kwa mkuu wake mwenyewe. Akaambatanisha orodha ya simu, kila saa ya mapumziko aliyoila. Mkuu akamuuliza kama anajua maana yake. Alijua. Akaondolewa kwenye mizani, akapelekwa chumba cha majalada. Dereva akasimamishwa miezi mitatu, ila leseni ikabaki.

Jioni uamuzi ulipotoka, dereva alisimama mlangoni pa mkaguzi, mkono umening'inizwa shingoni, shati la bluu limekunjamana.

"Kwa nini umewaambia?"

"Kwa nini hukuwaambia wewe?"

"Ungeharibiwa kazi. Nilijua nikipokea simu na kusikia unalia, ningesema yote."

Mkaguzi aliutazama ule mkono, akashindwa kuinua macho. Akamwomba msamaha.

"Na mimi si mtoto, mpenzi. Simu ningeweza kuikata."

Maneno yalikuwa matamu, lakini hayakumtoa ule mkono machoni. Hata bendeji ilipofunguliwa, kila alipomsikia akipiga miayo alishtuka.

Safari ya kwanza ya dereva baada ya adhabu, simu ya mkaguzi ililia.

"Nimeegesha, afande. Neno moja tu, kisha nilale. Nikuoe?"

Jibu lilishafika kwenye ncha ya ulimi, na alijua likitoka watazungumza mpaka muda wa safari.

"Lala kwanza," akasema. "Jibu utalikuta ukiamka."

Akakata. Kwa saa nane nzima simu ilikaa mapajani mwake, neno "ndiyo" likimchoma mdomoni, na hakuigusa.