Kumbukumbu za Shemeji

Sikusimuliwa mimi. Wapo watakaokupa habari hii kwa mdomo uliojaa, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo. Niliyekuwepo ni mimi, kwa macho yangu haya, na ukitaka kubisha, kabishane na ukuta.

Mimi ni fundi. Redio, feni, pampu ya maji, chochote chenye waya kikiniona kinapona chenyewe kwa woga. Lakini mtaa mzima unaniita Fundi Pasi. Kisa? Dada yangu aliolewa na fundi mwenzangu, na huyo shemeji watu wakamwita Daktari. Chumba chetu cha kazi ni kimoja, meza mbili. Mteja akiingia ananipita kama nguzo ya umeme. "Daktari yupo?" Mimi naachiwa pasi.

Sasa, shemeji alikuwa na kompyuta ya marehemu baba yake. Si hizi za leo. Ile ya zamani ya nyumbani, kibodi nene kama tofali, mashine yote imo humo humo, unaichomeka kwenye televisheni. Kiwanda kiliacha kuitengeneza sisi tungali tunavaa kaptura. Ilikuwa imekufa kumbukumbu, yaani zile chipu nyeusi zenye miguu kama jongoo. Shemeji aliwaandikia kiwandani, wakamjibu hawaijui. Akawasaka wenye mashine kama hiyo. Mmoja amekufa, mwingine yake anaitumia kuzuilia mlango usigongwe na upepo.

Na dada je? Kila nikienda kula kwake: "Mume wangu hachoki. Mume wangu akishika jambo..." Mume wangu, mume wangu! Nikawa nasukuma sahani kabla sijashiba.

Nikaapa chipu hizo nitazipata mimi. Nizimwage mezani mbele ya dada, niseme, "Haya Daktari, dawa hiyo."

Jioni moja nilikwenda kununua risasi ya kulehemu kwenye uchochoro wa vyuma chakavu. Jua linazama, wauzaji wanafunga maturubai. Nimeshageuka niondoke, nikasikia...

Ta. Ta-ta. Ta.

Mtu anabonyeza kibodi.

Mwisho wa uchochoro, pale ninapopajua kuwa ni ukuta mtupu, palikuwa na meza. Nyuma yake amekaa mama mmoja, hana taa. Kibodi iliyokuwa mbele yake haikuwa na waya. Harufu ikanipiga... nywele zilizoungua, na udongo mbichi.

"Unatafuta kumbukumbu," akanong'ona. Hakuwa anauliza.

Mwingine angekimbia. Mimi nilivuta kiti. Kweli, miguu ilikuwa imegoma, lakini kiti nilivuta.

"Ninazo. Unataka za nani?"

Nikajua anauliza mashine ni ya nani. Fundi yeyote angeelewa hivyo.

"Za shemeji yangu. Mume wa dada."

"Nikupe ngapi?"

Hapo wivu ukanipanda kama homa. Nikamwona shemeji kesho akipita hapa, na yeye akapata zake.

"Toa zote, mama. Zote. Asibakiwe hata na moja."

Akacheka bila sauti. Akapeleka mkono kwapani, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Nikatia mkono mfukoni, akatikisa kichwa.

"Mwenyewe ameshatoa."

Chipu zilizokuwamo zilikuwa vuguvugu. Kama yai lililotoka kutagwa.

Nikaenda moja kwa moja kwa dada. Shemeji alikuwa amesinzia kitini. Vizuri, nikasema, ataamka akute kazi ya wanaume imekwisha. Nikafungua mashine, nikachomoa chipu mbovu, nikapachika zangu. Dada kasimama, kashika kiuno.

"Kaka, utamharibia mwenzio."

"Tulia uone fundi."

Nikawasha. Televisheni ikanguruma, ikawa ya buluu. Kisha herufi zikaanza kujiandika, moja moja. Hakuna aliyegusa kitu.

KISOSI, MBONA GIZA?

Kikombe kikamponyoka dada. Kisosi ndilo jina analoitwa na mumewe wakiwa wawili tu, chumbani. Hata mimi kaka mtu sikulijua.

Tukageuka. Shemeji alikuwa macho. Anatutazama kwa adabu, kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Samahani, mama," akamwambia dada. "Hapa ni kwa nani?"

Mkono wangu ukaruka kwenye swichi... ukaishia hewani. Mimi ni fundi, najua. Mashine zile ukizima, vyote vilivyomo kwenye kumbukumbu vinafutika. Havirudi.

"Usiguse," dada akanong'ona.

Uchochoroni nilirudi. Ukuta. Mtupu. Nikaugusa, una joto.

Basi nikatumia akili, maana akili ninazo. Nikamkalisha shemeji karibu na mashine, nikachomoa chipu moja moja mashine ikiwa inawaka, nikawa nambandika kwenye paji la uso. Ya mwisho ilipomgusa akapiga chafya. Akamtazama mkewe: "Kisosi, mbona unalia?" Na dada akanishika mkono, akasema, "Kaka, hakuna fundi kama wewe."

Ndivyo ilivyokuwa, na nilishuhudia kila kitu.

Haya, sawa. Kipande kimoja nimekitia chumvi. Hicho cha kubandika chipu, na chafya, na maneno ya dada.

Mashine ingali inawaka sebuleni kwake. Shemeji anakaa pembeni, analishwa kwa kijiko, anashukuru kila tonge. Jioni dada anavuta kiti mbele ya televisheni, anabonyeza, anasoma, anacheka peke yake. Nikiingia hageuki. "Nyamaza kaka, mume wangu anaongea." Mume wangu, mume wangu. Hata sasa!

Na umeme wa mtaani kwetu unaujua mwenyewe. Jana taa zilififia, dada akapiga ukelele, zikarudi. Televisheni ikatulia. Kisha herufi zikaja, polepole...

FUNDI PASI YUPO?