Peris Aomba Karatasi ya Kura

Ilikuwa Ijumaa. Peris aliamka mapema, akapiga pasi kanzu za baba mwenye nyumba, akawapikia watoto mayai. Madam, mwajiri wake, alikuwa amemruhusu kutoka hadi jioni. Ruhusa kama hiyo haiji kila wiki!

Alikwenda mtaa wa Al-Murabba, hapo hapo Riyadh. Chama cha wafanyakazi Wakenya kilikuwa kinachagua mwenyekiti. Peris alikuwa na sababu ya kwenda. Binamu yake Velma amekwama Jeddah. Mkataba wake umekwisha, lakini bosi wake anashikilia pasipoti yake. Mwenyekiti wa sasa hapokei simu. Absalom, dereva wa basi la wafanyakazi, ameahidi kwamba akichaguliwa atalifuatilia jambo hilo.

Mezani Peris alikuta mashine. Unaweka kidole, kisha unagusa picha ya mgombea. Aliurudisha mkono nyuma.

"Si hii ni ile ya kibali cha kuishi, ya ikama?" alimnong'oneza Fridah, msimamizi wa uchaguzi. "Nikiweka kidole, kafili aliyeniajiri ataambiwa niko hapa."

"Hapana. Hii ni ya chama tu," Fridah alisema.

"Auntie, hata wakala kule Nairobi aliniambia weka kidole, utafanya usafi hospitali, Jeddah. Na ona, niko jikoni kwa watu, Riyadh! Mimi na mashine, halas. Wacha niende."

Fridah hakumcheka.

"Usiende. Kanuni zetu zinakuruhusu kuomba karatasi. Lakini omba kabla hujagusa mashine. Ukishagusa, umeshapiga kura, na kila mtu ana moja tu."

Peris alipigwa na butwaa. Anakofanya kazi, hata sabuni ya kufulia huchaguliwa na madam. Leo anaulizwa anavyotaka yeye!

"Basi naomba karatasi," alisema.

"Hakikisha ina muhuri. Weka alama moja, kwa unayemtaka. Usiandike jina lako. Ikunje, uitie sandukuni mwenyewe."

Nyuma ya pazia aliweka alama, akaikunja karatasi. Waliokuwa kwenye foleni walimwona akitoka kuitia sandukuni, na wengine nao wakaomba karatasi.

Alasiri, Fridah alifungua sanduku mbele ya wote. Aliinua karatasi moja moja, akaisoma kwa sauti, kisha wakajumlisha na kura za mashine. Peris alitazama mdomo wazi. Ipi ni ya dereva? Ipi ni ya yaya? Hakuna aliyejua. Hata yake hakuitambua, lakini imo, na uzito wake ni ule ule. Machozi yalimlengalenga.

Absalom alishinda. Kesho yake alianza kufuatilia habari za Velma, na hakuchoka mpaka jambo likaisha.

Siku moja Peris akiwa anaosha vyombo, simu iliita. Alikuwa Velma, uwanja wa ndege wa Jeddah.

"Peris, pasipoti ninayo mkononi! Naenda nyumbani! Kwani wewe ulimpigia nani kura?"

Peris alicheka huku akijifuta machozi.

"Safiri salama, dada. Hiyo ni siri yangu na sanduku."