Vidonge vya Shangazi Fetu

Ndugu zangu, asubuhi ile nyumba ya mzee Taulapapa ilikuwa shwari. Yeye anakunywa kakao, binti yake Lagi anampigia pasi lavalava, shuka lake la kiunoni. Mchana yeye na machifu wenzake wangekaa kunywa 'ava, kinywaji chao cha mizizi, na chifu akishaketi pale hanyanyuki mpaka kikombe cha mwisho.

Hilo ndilo lililomkosesha Lagi raha. Tangu baba aanze dawa ya kumbukumbu, majina ya wajukuu yalikuwa yamemrudia, lakini mkojo ukimbana haungoji. Kikao kilichopita alilowesha mkeka mbele za watu. Badala ya kumwambia daktari, Lagi alinyamaza. Aibu, jamani!

"Mpe hivi," alisema shangazi Fetu, aliyekuja likizo kutoka Auckland na vidonge vyake vya kuzuia mkojo mkobani. "Mimi navyo namaliza ibada nzima sijainuka."

"Na daktari je, shangazi?"

"Kwani atakayechekwa ni daktari, au kaka yangu?"

Lagi akampa baba viwili, ili asiadhirike tena.

Mzee alikaa kikao kizima, mgongo wima, na Lagi huko nje nusura apige vigelegele. Jioni furaha ikatumbukia nyongo. Mzee alikwenda chooni akarudi, akaenda tena, hata tone halikutoka. Tumbo chini ya kitovu likavimba, gumu. Akaanza kumwita Lagi kwa jina la marehemu mkewe.

"Baba, jikaze, gari linakuja!" Lagi alilia, huku akijilaani.

Hospitalini daktari Salesa, yuleyule aliyempa dawa ya kumbukumbu, alimwekea mpira wa mkojo, mkojo ukajaza mfuko.

"Dawa ya kumbukumbu huzuia kimeng'enya kinachofuta ujumbe wa neva," akasema. "Ujumbe usipofutwa, kibofu nacho hujikaza ovyo. Ungeniambia, ningepunguza dozi. Hivi vya shangazi vimekiziba masikio, hakisikii kitu, hakijikazi kabisa, na akili yake navyo vimeivuruga. Mngechelewa, figo zingeharibika."

Shangazi Fetu alivisukuma vidonge vyake chini kabisa ya mkoba.

Mzee alifumbua macho. "Lagi, nilikaa mpaka mwisho?"

"Ulikaa, baba."

"Sasa unalia nini?"

MAFUNZO

Nyinyi mnaogawana vidonge kama mnavyogawana magimbi, acheni! Dawa iliyomfaa dada yaweza kumuua kaka. Na dawa ya mzazi ikimletea jambo jipya, hata la chooni, mwambieni daktari bila haya. Lagi aliilinda heshima ya baba yake, nusura amzike nayo.