Risasi za Uongo Mlangoni kwa Baba

Verlene aliitema nyama kwenye kitambaa cha mezani, mbele za watu.

"Verlene! Watu wanatuangalia."

"Waache waangalie. Nyama hii imechemshwa, Garrick."

"Imechomwa. Si wameandika hapo, mbavu za kuchoma?"

"Imechemshwa kama viazi, ikapakwa mchuzi wa sukari, ikapitishwa motoni dakika mbili ipate rangi. Tazama mfupa unavyochomoka, kama jino bovu. Na huo moshi ni wa chupa, wa kunyunyizia. Unanuka dawa."

Garrick Whitlow alicheka kidogo, akamfanyia mhudumu ishara kwamba mambo ni shwari. Alikuwa dalali wa nyumba, mtanashati, mwenye meno ya kuuzia. Alimleta mchumba wake kwenye mgahawa huu wa katikati ya Chicago waonje chakula cha harusi. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

"Mpenzi, hapa kuna walinzi mlangoni. Kuna kamera. Shangazi zangu wataegesha magari yao bila wasiwasi."

"Na baba yangu? Miaka thelathini na minne anachoma nyama, halafu binti yake aolewe kwa mbavu za kuchemsha?"

"Mzee wako nampenda. Ila kule kwenu... unasoma mwenyewe yanayoandikwa. Kila wiki risasi."

"Shangazi zako hawatakanyaga kule. Nyama italetwa ukumbini."

"Wakijua imetoka wapi watakula kwa hofu."

Verlene alimtazama usoni. 

"Nirudishe nyumbani," alisema.

* * *

Kesho yake, Jumatatu, Verlene hakuwa na zamu. Alikuwa mpokea simu kwenye kituo cha dharura cha jiji. Ukipiga kulia kwamba umevamiwa, sauti inayokujibu "tulia, niambie uko wapi" ilikuwa yake. Saa sita mchana alisukuma mlango wa duka la baba yake, upande wa kusini wa mji, akakuta kimya.

Mzee Lucious Tibbs alikuwa amesimama mbele ya tanuri lake la vioo, lile ambalo wateja hulitania kuwa tangi la samaki. Ndani yake mbavu zilikuwa zikitoa mafuta taratibu juu ya moto wa kuni za mwaloni. Saa kama hiyo foleni ilizoea kufika barabarani. Leo alikuwepo mteja mmoja tu, Bi Earnestine, mstaafu wa posta, amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi.

"Mbona umejifunika hivyo, Bi Earnestine? Jua kali lote hili?"

"Nimewatoroka binti zangu, mwanangu. Wakijua nimekuja hapa wataninyang'anya funguo za gari. Hukusoma mtandaoni, kwenye ukurasa wa majirani? Mtu kauawa mlangoni hapa, Alhamisi, mchana kweupe!"

"Alhamisi nilikuwa kazini. Hakuna simu kama hiyo iliyoingia."

"Si imeandikwa!"

"Baba, Alhamisi kulitokea nini hapa?"

Mzee Tibbs alifuta mikono kwenye aproni. "Alhamisi nilizozana na muuza soseji. Basi."

Bi Earnestine alipokea boksi lake, akaondoka akichungulia kushoto na kulia. Mzee akaketi kwenye ndoo aliyoifunika ubao.

"Mwezi wa pili huu, Verlene. Wananipigia simu, 'Mzee, tunaipenda nyama yako, lakini tuna watoto.' Nimechoka. Kesho natia sahihi, nauza."

"Unauza? Unamuuzia nani?"

"Kuna bwana mmoja, Bryce, anataka kona hii yote ajenge ghorofa. Mwenzako ndiye aliyenikutanisha naye. Akaniomba nisikwambie kwanza, usije ukaingia kwenye harusi na mawazo."

"Garrick?"

"Kijana mwema. Ananihurumia."

Verlene alitoa simu, akaufungua ukurasa wa majirani. Habari ile ilikuwa juu kabisa, imeandikwa na mtu aliyejiita Mama wa Watatu.

"Jamani msiende kwa Tibbs! Alhamisi nimeona kwa macho yangu kijana anapigwa risasi mlangoni. Alianguka na boksi la nyama mkononi. Hata alipokata roho vidole havikuliachia, ilibidi wambandue kimoja kimoja. Mimi nina watoto watatu, sirudi tena."

Akaisoma mara ya pili. Mara ya tatu herufi zikaanza kucheza. Alikimbilia choo cha nyuma, akatapika mpaka ikabaki nyongo.

Kijana yule alikuwepo kweli. Aliitwa Dorian, mdogo wake wa pekee, na alipigwa risasi mlangoni pale miaka sita iliyopita, katika ugomvi wa watu asiowajua. Baba yao alikuwa amekwenda kuleta kuni, na Verlene, aliyekuwa karibu, ndiye aliyefika wa kwanza. Ndiye aliyevibandua vile vidole, kimoja kimoja. Hakumwambia polisi, hakumwambia mchungaji, na baba yake ndiye hasa aliyemficha. Duniani kote alimwambia mtu mmoja tu, akilia kifuani kwake, usiku wa siku aliyovishwa pete.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Garrick: "Nakuja kukuchukua hapo kwa mzee. Sishuki kwenye gari, unajua tena. Toka haraka. Nakupenda."

* * *

Alimkuta amefunga milango yote, injini inanguruma. Alipoingia, Garrick akaifunga tena kabla hata hajakaa sawasawa.

"Umekunywa maji? Mbona umepauka hivyo?"

"Nani Mama wa Watatu?"

"Nani?"

"Anayeandika kwenye ukurasa wa majirani. Ni nani?"

"Nitajuaje mimi? Mama fulani mwenye hofu. Na ana haki ya kuogopa."

"Amejuaje habari za vidole vya Dorian?"

"Watu wanaongea, mpenzi. Labda wahudumu wa gari la wagonjwa..."

"Walipofika nilikuwa nimeshamaliza. Boksi lilikuwa kwangu."

"Basi ni bahati mbaya tu, vitu vimefanana. Verlene, una uchovu, harusi imekaribia..."

Hapo ndipo gari lilipolia kengele ndogo. Simu ya Garrick ilikuwa imeunganishwa na spika, na ile sauti ya mashine, sauti ya mwanamke asiye na haya, ikaanza kusoma:

"Ujumbe kutoka kwa Bryce. Mzee bado yuko tayari kesho? Tupia jingine la risasi leo, lile la kijana na boksi limefanya kazi vizuri sana. Nyumba ya ghorofa ya juu nimekuwekea wewe na bibi harusi."

Garrick alibonyeza vitufe kama anaua mende. Kila alipobonyeza, mashine iliuliza kwa adabu: "Ungependa kujibu?"

"Mjibu," Verlene alisema.

"Nisikilize..."

"Mjibu bwana Bryce. Bibi harusi yupo hapa, anasikia."

"Nilifanya kwa ajili yetu!" Garrick aligeuka, jasho limemtoka. "Kwa ajili ya mzee wako! Mtaa huu utamuua na yeye. Mimi nimezaliwa mtaa kama huu, Mama alinitoa nikiwa na miaka tisa, niliapa sirudi. Nilikuwa namtoa baba yako, Verlene! Na kipi hasa cha uongo? Dorian hakupigwa risasi pale?"

"Alipigwa."

"Sasa?"

"Alipigwa miaka sita iliyopita. Mtaa wetu una hatari, hilo sikatai. Simu zake nazipokea mimi. Najua lini ni risasi na lini ni fataki. Alhamisi ile simu pekee iliyotoka barabara hii ilikuwa ya bibi aliyejifungia nje, paka wake ndani." Sauti yake haikupanda. "Nilikupa kitu nilichomficha hata baba yangu. Wewe ukakichukua, ukajivika jina la mama wa watoto, ukaenda kukitangaza ili upate nyumba ya ghorofani."

"Nisamehe. Nitafuta, nitafuta zote sasa hivi, angalia..."

Alimshika mkono. Verlene aliutazama ule mkono, laini, wenye kucha zilizosuguliwa, akahisi kama konokono amemtambalia.

"Usiniguse. Fungua mlango."

"Verlene, huku si salama kushuka..."

"Fungua mlango, Garrick!"

* * *

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia mzee. Verlene aligeuza kibao cha duka kikasoma "Tumefunga", akamketisha, akamweleza yote, hadi vidole. Mzee Tibbs alisikiliza akiutazama moto.

"Boksi lile," aliuliza mwishowe, "alikuwa anampelekea nani?"

"Mimi, Baba. Nilimpigia nikamwambia nina njaa. Ndiyo maana sikuweza kukwambia."

 Mzee akamvuta binti yake, akamkumbatia na aproni yake yenye mafuta.

"Miaka sita unabeba hilo peke yako? Mimi nilidhani alitoka kwa sababu nilimgombeza asubuhi ile. Na mimi nimelibeba."

Wakalia wote wawili, nyama ikaungulia kwenye tanuri, jambo ambalo wenyeji wa mtaa ule hawakuwahi kuliona.

Jumanne Bryce alifika na makaratasi kwenye mkoba wa ngozi. Mzee hakumkaribisha kiti. "Siuzi," alisema. "Na ukitoka, funga mlango, moshi wangu unapotea." Jioni yake Verlene aliandika kwenye ukurasa wa majirani kwa jina lake kamili. Aliandika nani alikuwa Mama wa Watatu, maneno ya Bryce neno kwa neno, na siku Dorian alipokufa kweli. Akamalizia: "Baba anafungua saa tano. Njooni mchana, njooni wawili wawili, egesheni chini ya taa kama mna hofu. Lakini msimwogope mzee wangu kwa uongo."

Mama yake Garrick alipiga simu. "Binti, wageni mia na ishirini wamealikwa! Mwanamume akikosa, anasamehewa."

"Mama, akikosa tu ningemsamehe. Huyu nikimfikiria natapika."

* * *

Jumamosi foleni ilifika mlangoni, ingawa si ndefu kama zamani. Verlene alikuwa nyuma ya kioo kinene cha kaunta kisichopenywa na risasi, akipitisha maboksi kwenye kisanduku kinachozunguka, mteja anaweka fedha upande wake, anazungushiwa chakula. Alipoinua macho kumhudumia anayefuata, akamkuta Garrick, macho mekundu, ndevu hazijanyolewa.

"Unataka nini?" Verlene aliuliza.

"Nakutaka wewe."

"Hicho hatuuzi. Kuna mbavu, kuna soseji za pilipili."

Watu kwenye foleni wakaguna. Garrick akausogelea uwazi wa kioo. "Miaka miwili sijawahi kuonja nyama ya baba yako. Kila siku nilisema nimeshiba. Nipe leo. Nimeshuka kwenye gari, unaona? Nimesimama hapa kama watu wengine."

Verlene alitaka kumfukuza, lakini sauti ya mzee ikatoka kwenye moshi. "Mteja ni mteja. Mkatie."

Akakata vipande, akavilaza juu ya vibanzi, akamwaga mchuzi, akaweka mkate juu, akazungusha. Garrick alifungua boksi palepale, akala amesimama, kwanza kidogo, kisha kwa pupa, kama aliyefunga siku tatu. Machozi yakamtoka.

"Ni tamu," alisema mdomo umejaa. "Verlene, ni tamu sana. Sikujua."

Mchuzi ulimchuruzika kidevuni, ukatonea shati. Verlene alidhani atamwonea huruma. Badala yake kinyaa kilimpanda upya. Alikuwa anamwona mtu anayelamba masufuria ya nyumba aliyotaka kuichoma.

Aliivua pete. Akaiweka kwenye kisanduku, akazungusha, ikasimama mbele ya Garrick.

"Chukua na hii."

"Verlene, tafadhali. Nipe wiki moja tu."

"Ichukue, watu wana njaa."

Akaishika kwa vidole vilivyojaa mafuta. Ikamteleza, ikagonga sakafu, ikabingirika katikati ya viatu vya watu. Garrick akainama, akapiga magoti, akaanza kuipapasa chini huku boksi amelikumbatia.

"Kijana, hebu sogea ukaitafutie pembeni," Bi Earnestine alisema, akimruka mguu. Safari hii hakuwa amejifunika, na binti zake wawili walikuwa nyuma yake. "Mimi nataka mbavu za mwishoni, zilizoungua kidogo."

Verlene alivaa glavu mpya, akachukua kisu.

"Za watu wangapi, Bi Earnestine?"