Mkanda Juu ya Jeraha

Lori lilizima katikati ya daraja la Njiru, na Mutie alipokuwa bado anahangaika na ufunguo, mto ukalipanda ubavuni. Mvua ya Elinino ilikuwa imenyesha wiki nzima. Kamba zilikatika, magogo ya mhugu waliyokuwa wakiwapelekea wachongaji wa Pumwani yakaanza kuporomoka majini.

"Tokeni! Shemeji, mshike mtoto!"

Kasiva alimdaka binti yake Koki kwa kola ya sweta. Maji yaliwabeba, yakawagonga, yakawatupa wote watatu juu ya lundo la mawe ya machimbo. Asubuhi lilikuwa ukingoni. Sasa maji mekundu yalilizunguka pande zote, na lori halikuonekana tena.

"Ma', mguu," Koki alisema.

Bati lililokuwa likielea lilikuwa limempasua shavu la mguu. Damu haikuruka. Ilitiririka mfululizo, nyeusinyeusi. Mutie, mdogo wa marehemu mumewe Kasiva, alivua mkanda wa suruali akaufunga juu ya goti.

"Angko, unanifunga kama ng'ombe," Koki alijaribu kucheka.

"Nyamaza. Ng'ombe hana mdomo kama wako."

Lakini damu ilizidi. Leso ya Kasiva waliyoweka kidondani ililowa, na jiwe chini ya mguu likawa linateleza.

"Nimefunga, mbona inaongezeka?" Mutie aliuliza. Alitazama maji, akatazama mguu.

Kasiva alipigwa na lile neno la ng'ombe. Kwao Mwala, ng'ombe wa kutolewa damu alifungwa kamba shingoni, isikazwe sana. Mshipa ulivimba kama kidole, ukapigwa mshale, kibuyu kikajaa. Kamba ikilegezwa, damu inakatika na mnyama anarudi malishoni. Ujanani, mshika kamba alikuwa Mutie huyuhuyu. Mikono yake ilikuwa imefunga jinsi ilivyozoea.

"Fungua huo mkanda!"

"Afe?"

"Fungua, Mutie! Hii damu inarudi moyoni. Umeizibia njia, na ile inayoshuka kutoka moyoni hukuizuia. Itapita wapi, kama si kidondani?"

Mutie alisita. Ndiye aliyemwingiza mtoto wa kaka yake mtoni; akikosea tena, angemuua. Kisha akafungua.

Kasiva alikunja leso, akagandamiza kidonda kwa viganja vyote viwili. Mutie aliuinua mguu akauweka begani. Damu ikapungua, ikawa inachuruzika tu. Lakini Kasiva aliposogea kidogo, ilibubujika upya. Akajua kwamba mikono ile haitatoka pale.

Maji yalipanda jiwe jingine. Gogo lilipiga lundo, mawe ya chini yakalia. Koki alianza kusinzia.

"Usilale! Nieleze yale ya mwalimu wenu wa bayolojia."

Panzi waliokimbia maji walijaa mawe yote. Mmoja alipondwa chini ya goti la Mutie, akatoa majimaji.

"Hiyo ndiyo damu yake," Koki alinong'ona. "Haibebi hewa. Yeye hewa inamwingia kwa vitundu vya ubavuni."

"Na wewe?"

"Mimi inabebwa na damu."

"Basi usinimwagie zaidi. Samaki je?"

"Moyo vyumba viwili. Damu inachota hewa kwenye matamvua, halafu inaenda mwilini."

"Chura?"

"Vitatu. Inachanganyika."

"Mtu?"

"Vinne. Kama ng'ombe."

"Unaona?" Mutie alisema. "Sikukosea mnyama." Koki alitabasamu kidogo.

Kasiva alitaka kumwomba Mungu, maneno yakagoma. Baadaye akauliza tena, "Chura?"

"Vinne," Koki alisema, midomo yake rangi ya jivu.

Muda mfupi uliopita alikuwa amesema vitatu; Kasiva akazidi kugandamiza.

Ndipo sauti ikatoka ng'ambo. Thuo, mkata mawe, alikuwa na wenzake, na kamba yao ya kuteremkia machimboni. Waliirusha ikaanguka majini. Wakairusha tena, Mutie akainasa.

"Mama, achia mguu ushike kamba!" Thuo alipaza sauti.

"Siachii!"

Mutie aliwazungushia mama na binti kamba moja. Kwenye fundo, vidole vyake vikasimama.

"Shemeji, nikaze kiasi gani?"

"Kaza uwezavyo. Hapa ni kiunoni."

Walivutwa. Maji yaliwafunika vichwa, Kasiva akayameza, tawi likamchana uso. Hakuinua mkono kujikinga. Mutie alifuata nyuma, mkono mmoja kwenye ncha ya kamba, akiusukuma mguu wa Koki juu ya maji.

Zahanatini, muuguzi aliingiza sindano ya maji mshipani mwa Koki, akainama. "Mama, achia sasa, nishone."

Vidole havikukunjuka. Mutie alipiga magoti akavifungua kimoja kimoja. Muuguzi alishona. Rangi ilirudi midomoni mwa Koki polepole mno, huku wawili wale wakiikodolea macho.

"Mathe," Koki alisema, "nasikia njaa."

Mutie hakuwa amekanyaga kanisani tangu kumzika kaka yake. Alibaki palepale magotini, akainamisha kichwa.

"Shemeji," alisema, "anza wewe. Mimi nimesahau."

Na sauti ya Kasiva ikatoka.