Sungura Mweupe wa Ntinyari

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Ntinyari alikata majani ya nepia kando ya shamba la kahawa na kumpelekea ng'ombe. Kwao, karibu na Nkubu, umande ni mzito hata majani hudondosha maji. Ng'ombe hakujali. Aliyala hivyo hivyo.

"Ntinyari! Sungura umempa nyasi zilizonyauka?" mama yake, Nelius, aliuliza kutoka jikoni.

"Ndiyo, Mama!"

"Una hakika?"

"Mama, nitachelewa!"

Hakuwa amempa. Nyasi za sungura zilipaswa kukatwa jioni na kutandazwa chini ya paa zikauke kidogo. Ntinyari aliona hiyo ni kazi ya bure. Alichukua tu nepia ya ng'ombe, akaitupa kizimbani na kukimbia.

Ubishi huo ulianza siku ya kumchagua sungura. Baba Kithaka, jirani yao aliyefuga sungura wengi, alimwonyesha wa kijivu aliyerukaruka, macho yake maangavu. Ntinyari akamtaka mweupe aliyejikunja pembeni.

"Huyu ametulia. Hatanisumbua."

"Unatafuta sungura ama mto wa kulalia?" Baba Kithaka aliuliza.

"Mpe tu," mama alisema akishusha pumzi. "Mtoto huyu haambiliki."

"Haya. Lakini tumbo la sungura si la ng'ombe. Majani yenye maji yatamfurisha."

Jumamosi moja, sungura hakuinuka. Nepia ya jana ilikuwa imelundikana mbele yake, hajaigusa. Tumbo lake lilikuwa limevimba, gumu kama ngoma.

"Mama! Mama, njoo!"

Nelius alikuja mbio. Aliokota majani, akayakamua. Maji yakatiririka mkononi.

"Hii ni nini?"

Ntinyari akainamisha kichwa. "Ni umande. Nilikuwa nampa ya ng'ombe."

"Kila siku nakuuliza! Kila siku! Mimi huongea na wewe ama na ukuta?"

"Mama, atakufa?"

"Sijui. Kimbia umwite Baba Kithaka."

Baba Kithaka alitoa majani yote, akapangusa kizimba, akaweka nyasi kavu na maji safi. Akamwonyesha Ntinyari jinsi ya kukanda tumbo la sungura polepole.

"Usichoke," alimwambia. "Uvivu ndio uliomfikisha hapa."

Karimi, rafiki ya Ntinyari, alimwita kutoka barabarani waende kuruka kamba. Ntinyari alitikisa kichwa tu, akaendelea kukanda hadi vidole vikamuuma. Alasiri sungura alijinyoosha, akadondosha vinyesi vidogo, kisha akavuta unyasi mkavu na kuanza kutafuna.

"Sijawahi kufurahia kinyesi namna hii," mama alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka. Kisha akaketi kando ya binti yake.

"Sikiliza. Ng'ombe akiwa na njaa hulia hadi majirani wasikie. Sungura huumwa kimya. Ulimchagua kwa sababu hana kelele, basi ni wewe wa kumwangalia zaidi. Na uliponidanganya, aliyeumia si mimi. Ni yeye."

Ntinyari alifuta machozi.

"Nitamtunza, Mama."

"Usiniambie mimi. Shika panga ukakate nyasi za kesho kabla jua halijazama."

Ntinyari alikuwa ameshainuka.